Mfuasi wa Kristo na Daftari la Nyumbani

Swali linalonifikia mara kwa mara, na ambalo huulizwa na wake wa askari kuliko askari wenyewe, ni hili: Je, mtu anayevaa sare, anayepokea amri asizoruhusiwa kuzijadili, anayehamishwa leo huku na kesho kule, aweza kuwa mfuasi wa Kristo kwa ukamilifu? Au itamtosha kuhudhuria ibada ya Jumapili kila apatapo nafasi, na mengine yaachiwe mapadre na wachungaji ambao ndiyo kazi yao?

Swali hilo si geni. Liliulizwa na askari wenyewe zamani sana, karibu na mto Yordani, nalo lilijibiwa. Luka, katika sura ya 3 ya Injili yake, anasimulia kwamba askari walimwendea Yohana Mbatizaji wakataka kujua wafanye nini. Mtu angetazamia kwamba nabii yule wa jangwani angewaamuru kutupa silaha na kuishi naye nyikani. Hakufanya hivyo. Aliwapa mambo matatu tu: wasimnyang'anye mtu mali kwa nguvu, wasimsingizie mtu, na waridhike na mshahara wao. Tazama jinsi mambo hayo yalivyo ya kawaida. Hakuna hata moja linalohusu kuimba wala kufunga. Mawili ya kwanza huonekana katika kituo cha polisi na katika kizuizi cha barabarani. La tatu huonekana nyumbani, katika daftari la matumizi.

Mawili yale ya kwanza yana sheria na adhabu zake. Polisi ya Rwanda imekwisha kuwafukuza kazi askari kwa sababu ya rushwa, na kila mwenye sare anajua hivyo. Lakini ni nani awezaye kumshitaki mtu kwa kutoridhika? Hapo ndipo ufuasi unapobaki kuwa shauri la mtu na Mungu wake, na la mtu na mkewe.

Sisi tunaokaa Kabeza tunayaona mambo haya kwa karibu. Kabeza ni mtaa wa wilaya ya Kicukiro, upande wa mashariki wa jiji la Kigali, jirani na Kanombe penye uwanja wa ndege na kambi ya jeshi. Wanakaa hapa watumishi wa serikali, wafanyabiashara wa kadiri, na familia nyingi za askari, wengine wakiwa kazini na wengine wamekwisha kustaafu. Jumapili asubuhi njia zetu hujaa watu waliovaa kwa heshima, Biblia kwapani, watoto wamepakwa mafuta hadi magotini. Jumatatu watu hao hao hukutana dukani. Muuza duka mmoja aliwahi kuniambia, tena bila uchungu wowote, kwamba yeye hamfahamu Mkristo kwa wimbo wake bali kwa ukurasa wake katika daftari la madeni. Wapo wanaokuja kulipa siku ya mshahara kabla hawajaulizwa. Wapo pia wanaobadili njia ili wasipite mbele ya duka, nao ni wenye sauti nzuri katika kwaya.

Tuyatazame basi ya nyumbani. Bwana akichukua mkopo Zigama CSS pasipo bibi kujua, na makato yakaanza, nyumba hiyo huanza kuishi kwa kubahatisha. Bibi hudhani fedha inakwenda kwa mwanamke mwingine. Bwana hukasirika kwa kudhaniwa. Watoto husikia sauti zikipanda usiku. Kumbe mkopo wenyewe yamkini ulikuwa wa kumjengea mama mzazi nyumba kijijini, jambo ambalo bibi angelikubali lau angeliulizwa. Kinyume chake hutokea vilevile: bibi ameingia katika kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, amedhamini rafiki, rafiki amehama, naye anaficha. Ushauri wangu ni mwepisi kuusema na mgumu kuutenda. Siku ya mshahara, kabla ya fedha yoyote kutoka, bwana na bibi waketi mezani na daftari moja, si mawili, waandike deni la kila mtu kwa jina lake. Sala ya jioni ifuate baadaye. Itakuwa fupi, lakini itakuwa ya kweli.

Katika daftari hilo, jina la kwanza liwe la mtumishi wa nyumbani. Nimelifikiri jambo hili kwa muda mrefu na sioni namna ya kulipunguza makali. Katika nyumba zetu nyingi yupo binti au kijana aliyetoka kijijini, anayeamka kabla ya wote na kulala baada ya wote. Huyu ndiye anayejua kama mwenye nyumba ni mfuasi au la. Anajua chakula anachokula yeye na chakula kinacholiwa mezani. Anajua mshahara wake wa miezi miwili umekaa wapi. Amesikia anavyoitwa glasi inapovunjika. Mtume Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anasema kwa ukali kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele, na kilio cha waliovuna mashamba kimekwisha kumfikia Mungu. Kwa maoni yangu, sadaka iliyotolewa kwa fedha anayoidai mtumishi ni sadaka ya mtumishi, wala mwenye nyumba asiihesabu kuwa yake.

Kwa habari ya Ukristo wa namna hii, nchi hii ina somo lake, wala hatuna haja ya kuliazima mbali. Gahini, kando ya ziwa Muhazi, katika wilaya ambayo leo ni Kayonza, palikuwa na hospitali ya misheni ya Kianglikana. Daktari Joe Church, Mwingereza, alianza kazi hapo mwaka 1928, wakati wa njaa kuu iliyoitwa Rwakayihura. Alichoka mwili na moyo. Mwaka 1929 alikwenda Kampala, na juu ya kilima cha Namirembe akakutana na Mganda mmoja, Simeon Nsibambi, aliyekuwa akitafuta kama yeye maisha ya imani yasiyokuwa ya juu juu. Walisoma Maandiko na kuomba pamoja, mzungu na mwafrika wakiwa ndugu sawasawa, jambo ambalo katika miaka ile ya ukoloni halikuwa dogo. Baada ya hapo ndugu yake Nsibambi, mwalimu Blasio Kigozi, akaja kufundisha Gahini, na Yosiya Kinuka, aliyekuwa kiongozi wa wafanyakazi wa hospitali, akageuka na kuwa mtu mwingine. Katika miaka ya 1930 moto ukawaka. Blasio alifariki Januari 1936 angali kijana, lakini uamsho uliendelea kuvuka mipaka: Uganda, Burundi, Tanganyika, Kenya. Waliouingia waliitwa abarokore, yaani waliookoka, na hata leo bibi zetu wa Gahini na Kigezi husalimiana kwa wimbo wao wa Kiganda wa kumsifu Yesu.

Wengi wakiusikia uamsho huo hukumbuka machozi, ndoto na mikesha. Mimi nilifunzwa ualimu, na mwalimu hujifunza kutazama madaftari ya wanafunzi kuliko kelele za darasani. Kwa hiyo lililonivutia ni jingine. Watu wale walirudisha vitu. Vilivyoibwa hospitalini vilirudi hospitalini. Madeni yaliyokwisha kusahauliwa yalilipwa. Waume waliungama kwa wake zao, na wamisionari wakawaomba Waafrika msamaha kwa kiburi chao. Waliposema mtu anatembea nuruni, hawakuwa na maana ya hisia tamu moyoni. Walikuwa na maana kwamba hana kitu cha kuficha kabatini wala mfukoni. Zakayo, mtoza ushuru, alilielewa jambo hili kabla yao: Yesu alipoingia nyumbani kwake, yeye alianza kupiga hesabu, nusu ya mali kwa maskini, na kwa kila aliyedhulumiwa mara nne.

Hata hivyo wasomaji wasidhani kwamba ninawasifu ndugu wale kwa kila jambo. Kuungama kwao hadharani kulileta aibu kwa watu wasiohusika, na wengine walifanya kuhukumiana kuwa kazi yao ya kila siku. Askari aliyemkosea mkewe asiende kulitangaza kosa hilo mbele ya kusanyiko kabla hajazungumza naye chumbani. Aliyekosewa ndiye mwenye haki ya kusikia kwanza. Pengine ndiye peke yake.

Alikuwapo mtu mmoja wa uamsho huo ambaye habari zake ningependa kila familia ya askari izijue, kwa sababu waliomwua walikuwa askari. Naye ni mchungaji Yona Kanamuzeyi, aliyefanya kazi Bugesera, karibu na Nyamata, kati ya Watutsi waliofukuzwa makwao na kutupwa katika pori lile lenye mbung'o. Alizunguka akifungua makanisa madogo na shule, akiwapokea watu wa kila namna. Januari 1964, katika siku za mauaji yaliyofuata shambulio la wakimbizi kutoka nje ya nchi, askari walimchukua usiku pamoja na wengine. Mwenzake aliyenusurika alisimulia yaliyotokea. Yona aliomba ruhusa ya kuandika katika daftari lake. Aliandika kwamba wanakwenda mbinguni, kisha, kadiri alivyoweza, akaandika hesabu ya fedha alizoziacha nyumbani, akaomba daftari na fedha zimfikie mkewe. Ndipo alipoongozwa hadi kwenye daraja la mto Nyabarongo, akiimba, akapigwa risasi. Jina lake limo katika kitabu cha kumbukumbu ya mashahidi wa nyakati hizi kilichowekwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London.

Nimeifikiria sana hesabu ile. Mtu amebakiwa na dakika chache, anasema anakwenda mbinguni, na bado anaona ni wajibu wake kufunga daftari. Mimi ni mtumishi wa serikali. Nimewaona watu wazima wanaohamishwa ofisi tu wakiacha hesabu zao ovyo kwa sababu shida itakuwa ya mwingine.

Tukifika hapo lazima tuseme na lile ambalo wengi wetu tungependa kulipita kimya. Katika Bugesera hiyo hiyo, miaka thelathini baadaye, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, maelfu ya watu waliuawa ndani ya makanisa ya Nyamata na Ntarama walikokimbilia. Takriban watu tisa katika kila kumi wa nchi hii walikuwa wamejiandikisha kuwa Wakristo. Waliouawa walibatizwa, na waliowaua walibatizwa, mara nyingine katika maji yale yale. Maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba msamaha kwa ajili ya wana wa Kanisa walioshiriki, mwezi Novemba 2016, na Baba Mtakatifu Fransisko akafanya hivyo Machi 2017. Vijana wetu wakituuliza ubatizo ulisaidia nini, tusiwakemee. Wana haki ya kuuliza. Sina jibu jingine ila kwamba ufuasi haukuwa umeshuka hadi mahali ambapo amri huamuliwa kutiiwa au kukataliwa. Ulikuwa umekaa katika orodha ya waumini.

Lakini palikuwa na ambao kwao ulishuka. Gisenyi, Felicitas Niyitegeka, mwanamke Mhutu aliyejitoa kwa utume wa Kanisa Katoliki, alikuwa msimamizi wa Kituo cha Mtakatifu Petro. Aliwaficha Watutsi na kuwasaidia wengine kuvuka mpaka kwenda Goma. Kaka yake alikuwa kanali wa jeshi. Alipopata habari kwamba dada yake amo hatarini, alimpelekea ujumbe aondoke. Felicitas alimjibu kwa barua kwamba anamshukuru, lakini kuokoa maisha yake kungemaanisha kuwaacha watu 43 walio mikononi mwake, naye amechagua kufa nao. Akamwomba amwombee na kumwagia kwaheri mama yao. Tarehe 21 Aprili 1994 walimchukua pamoja na watu wake, na ingawa alipewa nafasi ya kujitenga nao, hakujitenga. Leo ni miongoni mwa mashujaa wa taifa wa daraja la Imena, ambao tunawakumbuka kila tarehe 1 Februari.

Watu humsifu Felicitas, nami namsifu. Lakini kila nisomapo habari hii, fikira zangu hukaa kwa yule kaka. Alikuwa na cheo, askari na magari. Upendo wake ulitosha kumtafuta dada yake mmoja. Wale 43 hawakuwa dada zake. Ninawaachia wenye vyeo wanaosoma gazeti hili walifikiri hilo wenyewe, maana mimi sijawahi kubeba amri ya namna hiyo na si haki nijifanye najua uzito wake. Lakini sheria imesema sehemu yake. Katiba ya mahakama ile ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa Novemba 1994 na kukaa Arusha ilitamka kwamba mtu hawezi kujivua hatia kwa kusema alitekeleza amri ya mkubwa wake. Amri hiyo yaweza tu kumpunguzia adhabu. Askari Mkristo hana udhuru mpana kuliko huo.

Wala tusijivune kana kwamba mambo haya ni yetu peke yetu. Kapteni Mbaye Diagne, Msenegali wa kikosi cha Umoja wa Mataifa, aliyewaokoa mamia ya watu mjini Kigali kwa kuwapitisha katika vizuizi wachache wachache hadi alipouawa kwa kombora tarehe 31 Mei 1994, alikuwa Mwislamu.

Neno moja kuhusu familia ambazo bwana yuko mbali. Tangu Julai 2021, askari wetu walipokwenda Cabo Delgado, na kabla ya hapo walipokwenda Sudani ya Kusini na Afrika ya Kati, nyumba nyingi za mtaa huu zimezoea kuongozwa na akina mama kwa muda mrefu. Bwana hutuma fedha kwa simu na hutaka hesabu kwa simu. Nawasihi akina bwana wasigeuze mazungumzo hayo kuwa ukaguzi. Muulize kwanza mtoto anayekohoa. Nao akina mama wasiwaambie watoto, kila wanapokosa, kwamba baba akija atawapiga. Mtoto aliyetishwa kwa jina la baba mwaka mzima hawezi kumkimbilia uwanjani siku anaporudi.

Nirudi kwenye kurudisha vitu, kwa sababu jambo hili bado liko hai kati yetu. Mahakama za gacaca, zilizofungwa rasmi Juni 2012, zilisikiliza kesi zaidi ya milioni 1.9, na nyingi katika hizo zilihusu mali: ng'ombe walioliwa, milango iliyong'olewa, mabati yaliyoezuliwa. Hukumu zilitolewa walipe. Wengine wamelipa, wengine hawajalipa, wengine wamekufa na kuacha nyumba zenye vigae visivyo vyao. Watoto waliozaliwa baada ya mwaka 1994 wamerithi nyumba hizo, na baadhi yao leo ni askari, polisi, walimu na viongozi wa kwaya. Hawakuiba. Sheria yamkini haiwadai. Je, mfuasi anadaiwa?

Mzee mmoja mstaafu wa jirani yangu alilijibu swali hilo bila kuhubiri. Aliuza ng'ombe mmoja, akaenda kijijini kwa mama mjane ambaye baba yake mzee huyo alikuwa ameshiriki kuezua nyumba yake, akampa fedha. Mama alizikataa. Alisema hataki fedha, anataka kusikia mwanamume wa ukoo ule akilitaja jambo lile kwa kinywa chake, mbele ya wajukuu wake. Mzee akalitaja. Ilichukua mchana mzima. Baadaye mama alizipokea fedha, akazihesabu mbele yake moja moja, na mzee anasema hesabu hiyo ilimwuma kuliko maneno yote.

Kwa wale walioniuliza utaratibu: mwende wawili, si peke yako, na yule wa pili awe mtu anayeaminiwa na upande wa pili. Tuma kwanza ujumbe, usimshtue mtu mlangoni, hasa katika mwezi wa Aprili ambapo vidonda vimefunguka. Usiombe msamaha na risiti kwa wakati mmoja. Ikiwa deni liliamuliwa na gacaca, malipo yaandikwe na kutiwa sahihi mbele ya viongozi wa mahali hapo, kwa faida ya watoto wa pande zote mbili. Aliyedhulumiwa akiwa amekufa, tafuteni ndugu zake. Torati, katika kitabu cha Hesabu sura ya 5, imeagiza kwamba asipopatikana hata ndugu wa kupokea, malipo yapelekwe kwa kuhani, kwa maana ni ya Bwana. Haikusema yabaki kwa mdaiwa.